Si Hina

Mgeni wa chumba cha juu aliondoka na ndege ya asubuhi
akaacha kandambili moja, kitabu kilicholowa,
na kopo la bati lenye unga wa kijani.
Tajiri akasema: Chukua, Mwanakheri, ama utupe.
Nikalifunga kwenye pindo la leso,
nikatoka nalo Shela hadi Langoni.

Thureya hakuniuliza ni nini. Alijua.
"Mama, hii ni macha!"
Akanionyesha simuni msichana wa mbali
akimwaga ukijani juu ya maziwa,
na chini ya bilauri vidonge vyeusi vimelala
kama macho ya kamba.
"Lulu hizo. Za muhogo."
Muhogo? Basi haya tunayajua.

Hatukuyajua.
Wanga wa kwanza niliukanda kwa maji ya uvuguvugu;
lulu zikaingia sufuriani zikayeyuka,
ikabaki gundi ya kubandikia bahasha.
Mara ya pili nikaichemsha sukari guru,
nikaumwagia wanga ingali inatokota,
nikakanda huku napuliza vidole
na kumtaja Mola kwa sauti isiyo ya ibada.

Hapo ndipo mama mkwe akashuka ngazi,
Bi Khuleta, ambaye mabibi harusi wa mitaa miwili
walimkabidhi mikono na miguu yao miaka arubaini,
mpaka mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka
na maua yakatoka na majani asiyoyataka.
Akaliona kopo. Akachovya ncha ya kidole, akanusa.
"Hina hini ni ya wapi? Imekaa sana. Haitashika."
"Si hina, mama. Ni chai."
"Chai,"
akasema, kama mtu aliyeambiwa
paka wa jirani amekwenda Hija.

Lakini aliponiona nachunga unga kwa kichujio
alininyang'anya. Akatoa kitambaa chake cha hariri,
kile kile, kilichokunywa rangi ya harusi zote,
akakikaza juu ya bakuli, akagonga, akagonga,
vumbi likashuka bila donge hata moja.
Kifagio cha mwanzi cha kukorogea hatuna.
Tuna upekecho.
Akaubana baina ya viganja, akapekecha,
na mtetemo ule ule uliomnyima kazi
ukainua povu hadi ukingoni.
Thureya alishusha simu.
Hakuna aliyesema kitu.

Barafu ilitoka kwa wauza samaki.
Niliiosha mara tatu,
bado ilikuwa na habari za changu.
Mirija minene dukani hakuna;
tukakata mabua ya mpapai wa uani,
tukayasuuza utomvu, tukayapuliza.

Lulu ya kwanza ilipanda kwa kasi
ikampiga Bi Khuleta kwenye meno ya bandia.
Akatulia. Akatafuna. Tukamngoja
kama tungojavyo mwezi.
"Nyasi," akasema.
Kisha, baada ya funda la pili:
"Nyasi zilizosoma."
Akainywa yote, akaitikisa bilauri
akizidai lulu zilizogoma chini,
na midomo yake ikabaki ya kijani mpaka magharibi.

Usiku nikaliweka kopo kabatini
karibu na makopo ya hina yenyewe.
Halafu sikulala: Ijumaa kuna harusi,
na binti wa watu asije akapakwa kinywaji.
Nikaamka, nikachukua kalamu ya Thureya,
nikaandika kifunikoni kwa herufi kubwa:
SI HINA.

Asubuhi nikakuta chini yake
mstari wa herufi za Kiarabu,
za chuoni, za zamani, zikipanda na kushuka
kwa mkono ninaoujua:
wala si chai.

Na unga umepungua vijiko viwili.